Nyumba ya Wakulima au Nyumba ya Uchumba? Mjadala juu ya Hewlands

Shottery kilikuwa kijiji cha wakulima nje kidogo ya Stratford-upon-Avon, katikati ya Uingereza. Pale ipo nyumba ya miti ya mwaloni na udongo, imeezekwa kwa mabua, na dunia inaijua kwa jina la Anne Hathaway, mke wa William Shakespeare. Sehemu yake ya kale ilijengwa mwaka 1463, miaka zaidi ya 90 kabla Anne hajazaliwa. Wenyeji wa enzi zake waliiita shamba la Hewlands. Tangu mwaka 1892 inatunzwa na Shakespeare Birthplace Trust, shirika lenye dhamana ya nyumba zinazohusiana na mshairi huyo.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna haki ya kuijadili. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na tangu hapo Shakespeare amekaa kwenye madawati yetu. Anayemsoma mtu ana ruhusa ya kuuliza alikooa.

Hoja niliyoiweka mezani ni hii: nyumba hii isimuliwe kwanza kama nyumba ya wakulima, habari za uchumba zifuate. Nimewapa nafasi wasemaji watatu. Fundi ni seremala aliyezeeka katika kazi ya boriti na milango. Mwalimu ni mama aliyefundisha fasihi hadi kustaafu. Mtafiti ni kijana anayesoma nyaraka za zamani. Mimi ni msimamizi, na nimejiwekea haki ya kusema pale nitakapoona hoja imeachwa nusu.

FUNDI: Nianze na mti, maana hapo ndipo nyumba ilipoanzia. Seremala wa mwaka 1463 alitafuta mwaloni uliopinda wenyewe ungali hai. Akaupasua kwa urefu, akapata vipande viwili vyenye mpindo mmoja, akaviegemeza vikutane juu chini ya mwamba wa paa. Hiyo ni jozi moja. Akasimamisha jozi nyingine mbele yake, na nafasi iliyobaki katikati ikawa chumba. Makombamoyo na mabua yote yanalala juu ya jozi hizo, na uzito wa paa unashuka kwa miti ile mpaka chini bila kuugusa ukuta. Ndiyo maana ukuta wenyewe ni fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha zikapakwa chokaa. Ukuta ukichakaa unaubomoa na kuukandika upya, na paa halitikisiki.

Tena mwaloni ule ulichongwa ukiwa mbichi. Mwaloni mkavu ni mgumu mno kwa patasi. Ukiuchonga mbichi, ukaingiza ulimi kwenye tundu lake na kupigilia kigingi cha mti, basi kadiri unavyokauka ndivyo unavyojipinda na kukikaba kigingi. Kiungo kinakazwa na miaka. Watu wakitazama boriti zilizokwenda upande hudhani nyumba imechoka. Haijachoka. Mti ulijikunja mapema, katika miaka yake ya mwanzo, ukatulia hivyo hivyo.

Sasa niambieni: mgeni anayeingia humo akitafuta mahali Shakespeare alipokaa na mchumba wake, ataona nini katika hayo niliyoyasema? Ataangalia viti. Juu hataangalia.

MWALIMU: Fundi, nimekusikiliza kwa heshima, na mengi umenifundisha. Lakini niambie nawe, ni nyumba ngapi za namna hiyo zilisimama mkoani Warwickshire mwaka 1463? Nyingi. Ngapi tunazijua kwa jina? Nyingi zilibomolewa zikajengwa za matofali, na waliozibomoa hawakuwa wajinga. Walitaka nyumba kavu zisizoingiza panya. Hii ilipona kwa sababu mwaka 1795 Samuel Ireland alichapisha kitabu cha mandhari ya mto Avon, akaweka humo picha yake na kuwaambia watu kwamba hapa ndipo kwao Anne. Tangu siku hizo wageni hawakukoma. Ukiliondoa jina la mshairi unaondoa sababu iliyowafanya watu waikinge mvua.

MTAFITI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Najua unakuja kunipinga.

MTAFITI: Ninakuja kukuongezea, kisha kukupinga. Samuel Ireland huyo alinunua humo kiti kilichosemekana ni cha Shakespeare akichumbia. Mwanawe, William Henry, ndiye aliyeghushi barua na mikataba ya Shakespeare, akafika hadi kutunga tamthilia nzima, Vortigern, na kuisingizia kwa Shakespeare. Ilichezwa katika ukumbi wa Drury Lane mwaka 1796 na ikazomewa. Sisemi kwamba kiti nacho kilighushiwa. Ninasema njaa iliyowaleta wageni Shottery ndiyo njaa iliyomlisha mghushi. Watu walitaka kitu cha kushika, wakatokea wa kuwauzia.

Na si kweli kwamba nyumba huokolewa na jina kubwa peke yake. Kusini, katika kijiji cha Alfriston, Sussex, kuna nyumba ya kale ya boriti na mabua iliyokuwa ya makasisi wa parokia. Hakuna mshairi aliyechumbia humo. Ilikuwa karibu kuanguka. Mwaka 1896 National Trust, shirika lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, liliinunua kwa paundi 10, likawa jengo lake la kwanza. Waliiokoa kwa sababu ya ufundi wake, na kwa kuwa William Morris na wenzake, tangu walipoanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, walikuwa wamewafundisha watu kuiheshimu kazi ya mikono ya mafundi wasiojulikana.

MWALIMU: Hoja hiyo ni nzito na ninaikubali. Lakini angalia tarehe zako: Alfriston ni mwaka 1896, Shottery ni mwaka 1892. Bado jina lilitangulia.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu pande zote mbili zinaizungumzia nyumba kana kwamba ni moja tangu siku ya kwanza. Nyumba ya mwaka 1463 ilikuwa na vyumba vitatu. Ukumbi wa nyumba kama hiyo ulikuwa wazi hadi kwenye paa, moto ukiwaka sakafuni katikati, moshi ukijitafutia njia kwenye mabua. Katika karne ya 16 wakulima wa Uingereza walianza kupata fedha kuliko baba zao. Wakajenga dohani za mawe au matofali, na moshi ulipopata njia yake wakaweza kutandika dari juu ya ukumbi na kupata vyumba vya juu. William Harrison, kasisi wa Radwinter huko Essex, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walishangazwa hasa na mambo matatu waliyoyaona yakibadilika: wingi wa dohani mpya, malazi mazuri, na vyombo vya mti kugeuka kuwa vya madini. Mwanahistoria W. G. Hoskins, mwaka 1953, aliyapa mageuzi hayo jina la ujenzi mpya mkuu wa vijijini, akayaweka kati ya miaka 1570 na 1640. Hewlands ni shahidi wa mageuzi hayo, kwa kuwa dari zake zilipachikwa ndani ya nyumba iliyokwisha kusimama.

FUNDI: Umenitoa neno kinywani. Ukipanda juu katika sehemu ya kale, unaikuta jozi ya ile miti iliyopinda imejitokeza chumbani. Haikuwekwa kuwa pambo la chumba cha kulala. Ilikuwapo kabla chumba chenyewe hakijafikiriwa. Seremala wa pili alikuja miaka mingi baadaye, akaiheshimu kazi ya wa kwanza, akaingiza mihimili yake ya dari bila kuukata mgongo wa nyumba. Mimi nimefanya kazi ya namna hiyo, kuingia ndani ya kazi ya mtu aliyekufa. Inataka adabu. Ndiyo habari ninayotaka mgeni aambiwe akiwa bado mlangoni.

MTAFITI: Na nyaraka zinakubaliana na mbao. Mwaka 1543 babu yake Anne, John Hathaway, alikuwa mpangaji wa ardhi hii. Hakuwa mmiliki. Mwanawe Richard aliendelea na upangaji, na shamba lilizidi ekari 90. Richard aliandika wosia tarehe 1 Septemba 1581 na akafariki mwezi huo huo. Humo anasema mbao zilizofunika kuta za ukumbi wake, na vitanda viwili vya kazi ya seremala vilivyomo chumba cha ndani, visiondolewe. Mtu yuko kitandani anakata roho, na anafikiria mbao za ukuta! Kwake zilikuwa ushahidi kwamba nyumba imepanda daraja. Binti yake, anayemwita Agnes na ambaye ndiye Anne wetu, anamwachia paundi 6, shilingi 13 na peni 4, zilipwe siku ya ndoa yake. Hiyo si mahari ya kutoka kwa bwana harusi. Ni fungu la baba kwa binti yake.

Mwaka uliofuata, Novemba 1582, Anne akaolewa. Alikuwa na miaka 26, Shakespeare 18, na mtoto wao Susanna alibatizwa Mei 1583, kwa hiyo kila mtu anaweza kuhesabu miezi. Waliosimama dhamana ya paundi 40 ili ndoa ifungwe bila kuchelewa walikuwa Fulk Sandells na John Rychardson, wakulima wa Shottery. Sandells alikuwa pia miongoni mwa wasimamizi wa wosia wa Richard. Ndoa yenyewe ilikuwa shughuli ya wakulima! Na hakuna karatasi hata moja inayosema walichumbiana katika nyumba hii. Inawezekana, tena ni jambo la kawaida kabisa kudhani hivyo. Lakini kudhani hakutoshi kuandikwa ukutani.

MWALIMU: Sasa mwanangu, ngoja. Karatasi hazisemi, ni kweli. Lakini nataka kukuonyesha kinachopotea ukiisukuma habari ya uchumba nyuma kabisa. Anne anatajwa wapi katika vitabu? Anatajwa kama mke aliyeachwa Stratford mumewe akiwa London. Anatajwa kwa kile kitanda cha pili kwa ubora alichoachiwa katika wosia wa mwaka 1616, na watu wamemcheka kwa karne nyingi kwa kitanda hicho. Kila mahali yeye ni mkia wa habari ya mtu mwingine. Shottery ndipo peke yake mambo yanapogeuka. Hapa mwenye nyumba ni yeye na familia yake. Mgeni ni Shakespeare, mvulana wa miaka 18, mwana wa mtengeneza glavu ambaye mambo yake ya fedha yalikuwa yameharibika. Anapiga hodi kwa watu wenye ekari 90. Nimewafundisha wasichana kwa miaka mingi, na najua wanavyoinua kichwa wakisikia hivyo. Mnataka niwanyime?

MTAFITI: Sitaki uwanyime chochote. Nataka waonyeshwe nyumba aliyoijua Anne. Wageni wengi wanapiga picha wapi? Upande ule mrefu wa nyumba, wenye paa la juu, mbele ya maua. Upande huo haukuwapo mwaka 1582. Kaka yake Anne, Bartholomew, ndiye aliyeinunua nyumba na ardhi mwaka 1610, na sehemu ndefu ikaongezwa mwanzoni mwa karne ya 17. Hizo herufi I.H. na mwaka 1697 kwenye dohani ni alama ya John Hathaway mwingine aliyeifanyia ukarabati, maana enzi hizo herufi I ilisimama badala ya J. Na bustani ilipangwa na Ellen Willmott katika miaka ya 1920. Mbele ya nyumba ya Richard kulikuwa na ua wa shamba wenye mifugo na matope. Mchumba akija alikanyaga mavi ya ng'ombe, wala hakupita katikati ya maua ya rangi zilizochaguliwa.

MWALIMU: Lakini mwaka 1610 Anne alikuwa hai! Alifariki mwaka 1623. Kaka yake anapotoka kwenye upangaji na kuwa mmiliki, anapopandisha ukuta mpya, dada yuko maili moja tu kutoka hapo, ni mke wa mtu anayemiliki moja ya nyumba kubwa za Stratford. Unadhani hakuja kuangalia? Familia gani hiyo dada haji kuona nyumba ya baba ikiongezwa?

MTAFITI: Nadhani alikuja. Bado ni kudhani.

MWALIMU: Basi tumekuwa wawili tunaodhani.

Niliwaacha wabishane hapo kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuandika, kwa sababu nilikuwa nikitafuta mahali pa kuwakutanisha. Nadhani papo, ndani ya wosia wa mtu ambaye wageni wengi hawalisikii jina lake. Thomas Whittington alikuwa mchunga kondoo wa Richard Hathaway. Katika wosia wa Richard wa mwaka 1581 anatajwa kama mtu anayedai: bwana wake anakiri kumwia paundi 4, shilingi 6 na peni 8. Miaka 20 baadaye, Machi 1601, Whittington naye anaandika wosia wake. Anawaachia maskini wa Stratford shilingi 40, na anasema fedha hizo ziko mkononi mwa Anne Shakespeare.

MWALIMU: Mkononi mwa Anne mwenyewe?

Ndivyo alivyosema. Mumewe anatajwa, lakini fedha ziko kwa Anne. Wapo wanaosema alikopa kwa mchunga kondoo wa baba yake. Wapo wanaosema mzee yule alimwekea amana, kwa kuwa alimjua tangu msichana. Mimi naelemea upande wa pili, kwa sababu mtu maskini anayejiandaa kufa huweka fedha zake kwa anayemwamini, na Anne wa mwaka 1601 hakuwa na sababu kubwa ya kukopa shilingi 40 kwa mtu wa aina hiyo. Vyovyote iwavyo, hapo tunamwona Anne akiwa na hesabu zake na sifa yake kwa watu wa Hewlands, karibu miaka 20 baada ya kuolewa. Shamba na mwanamke vimo katika sentensi moja, na aliyeviweka pamoja ni mchunga kondoo.

FUNDI: Huyo ndiye nitakayesimama upande wake. Kondoo ndio waliolipia zile mbao za ukutani.

MTAFITI: Kondoo, ngano na maziwa, Fundi. Lakini ndiyo.

FUNDI: Nataka kusema pia juu ya moto. Mwaka 1969 nyumba hii iliungua vibaya, ikatengenezwa tena. Nimesikia watu wakisema kwamba tangu hapo si nyumba yenyewe tena. Hayo ni maneno ya asiyejenga. Paa la mabua ya ngano halikuumbwa kudumu. Likitunzwa vizuri linakaa miaka 20 au 30, kisha linaezekwa upya. Udongo wa ukutani vilevile. Mabua aliyolala chini yake Anne yaliondolewa zamani, kabla ya moto wowote, na wajukuu zake hawakulia. Nyumba ya namna hii inafanana na jahazi: unabadilisha ubao leo, mwingine mwakani, na jahazi ni lile lile mradi mgongo haujakatwa. Swali la kuuliza ni kama aliyetengeneza alifuata njia ya wa kwanza, akatumia mwaloni, kigingi na chokaa, au alificha saruji nyuma ya rangi. Saruji inazuia unyevu usitoke, boriti inaoza ndani kimyakimya. Ukarabati wa uongo unaua.

MTAFITI: Na mimi ningeongeza: kila kipande kipya kioneshwe mwaka wake. Huo ndio uliokuwa ugomvi wa Morris. Hakuchukia kutengeneza. Alichukia kazi mpya inayojifanya ya kale. Hata ile sura ya boriti nyeusi tii na kuta nyeupe pee, ambayo watu huiona ndiyo Uingereza yenyewe, kwa nyumba nyingi ni mtindo ulioshamiri katika karne ya 19. Mwaloni ukiachwa wenyewe huwa wa kijivu.

MWALIMU: Kuna mtu mmoja zaidi asisahauliwe. Katika karne ya 19 ukoo ulishindwa, nyumba ikauzwa, wakabaki humo humo kama wapangaji, pale pale babu yao alipoanzia mwaka 1543. Mary Baker, wa ukoo huo, ndiye aliyewapokea wageni na kuwasimulia. Shirika liliponunua nyumba mwaka 1892 halikumtoa. Alibaki na kazi yake hadi alipofariki mwaka 1899. Ukoo uliondoka mwaka 1911. Yule mama aliishi kwa kusimulia uchumba wa shangazi wa zamani. Mkisema hadithi ya uchumba ni pazia tu, kumbukeni ilimlipia kodi mtu wa damu ya nyumba hiyo.

Mwalimu ana haki, na mimi sikubaliani na wanaotaka bustani ya Willmott ing'olewe ili ua wa shamba urudi. Ina karibu miaka 100. Nayo imekuwa sehemu ya historia, na ua mpya wenye matope ya kupangwa ungekuwa uigizaji mwingine tu. Kinachonikera ni mpangilio wa simulizi. Mgeni akianza na kiti cha mchumba, ataviona vyumba vyote kama mapambo ya kiti hicho. Akianza na Richard na deni lake kwa mchunga kondoo, atafika kwenye ndoa ya Anne akijua ni ndoa ya nani, na fedha zilizompeleka mlangoni zilitoka wapi. Nawaomba waliojadili waseme kama wanaiunga mkono hoja.

FUNDI: Naunga mkono. Na mgeni apandishwe juu mapema, miguu ikiwa haijachoka, aoneshwe ile jozi ya mwaka 1463 kabla ya kuoneshwa fanicha yoyote.

MTAFITI: Naunga mkono, mradi neno "labda" liandikwe kila panapostahili.

MWALIMU: Naunga mkono kwa sharti moja. Jina la mlangoni libaki la Anne. Asitolewe kwenye nyumba ya baba yake kwa ajili ya boriti.

FUNDI: Libaki, Mwalimu. Ila chini yake waandike Hewlands, na chini ya hapo waandike kazi waliyokuwa wakifanya.